Mende: Mtambue Kabla Hujanunua Dawa

Leo hatuna habari za mbegu wala mbolea. Leo tunamzungumza mdudu ambaye kila mmoja wetu anaamini anamjua vizuri, naye ni mende. Pwani wengi humwita kombamwiko, na jina hilo limemkaa barabara, maana kazi yake usiku ni kuukomba ule mwiko ulioachwa sufuriani bila kuoshwa.

Najua yuko mtu aliyekaa karibu na redio yake anasema, "Aa, bwana, mende ni mende. Unamwona, unamkanyaga, yamekwisha." Lakini hayaishi. Kesho yupo, keshokutwa yupo. Mama anatoa fedha alizopata kwa mayai ya kuku, ananunua dawa, anapuliza jikoni, chini ya kitanda, mpaka ndani ya kabati la vyombo. Mende wanapungua siku tatu nne, halafu wanarudi. Mwezi unaofuata ananunua tena. Mara nyingi kosa si la dawa peke yake. Dawa imepulizwa mahali ambapo mende wale hawaishi. Maana yuko mende wa chooni, yuko wa jikoni, yuko wa ukutani na kwenye makabati, yuko wa bustanini, na yuko mmoja anayeishi ardhini katika banda la kuku, ambaye anaweza kuwaletea kuku wako upofu. Ukiwatazama haraka haraka usiku kwa mwanga wa kibatari, wote hao wanafanana. Ukiwatazama mchana, na kwa utulivu, hawafanani.

Wakulima wa mahindi nchini Tanzania wanalijua jambo la namna hii, tena walilijua kwa gharama. Mwaka 1981 ilithibitishwa kwamba mdudu mgeni, mwenye asili ya Amerika ya Kati, ameingia katika mkoa wa Tabora. Ndiye huyu tunayemwita dumuzi, na wengine wakambandika jina la Scania. Kwa macho ni kadudu kadogo ka ghalani kama wenzake. Lakini dawa iliyokuwa ikiwamaliza fukusi haikumtosha dumuzi, na dawa iliyomweza dumuzi haikuwaweza fukusi sawasawa. Ndiyo sababu ikabidi dawa mbili zichanganywe katika unga mmoja. Aliyemtibu dumuzi kwa dawa ya fukusi alipoteza fedha na mahindi pia. Kwa mende mambo ni ya namna hiyo hiyo, ila kwa mende tofauti kubwa haiko kwenye dawa. Iko kwenye makazi.

Na hapo hapo niondoe dhana moja. Ukikuta punje za mahindi zimetobolewa matundu na unga unamwagika, usimlaumu mende. Mende hula chochote, pamoja na unga, makombo, sabuni, gundi ya maboksi na hata majalada ya madaftari ya watoto, lakini hatobozi punje kavu akaingia ndani. Hiyo ni kazi ya fukusi na dumuzi.

Haya, tuanze. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba mdudu uliyemkamata ni mende kweli. Sehemu nyingine watu huita mende kila mdudu mwenye mgongo wa kahawia, hata wale wanaogonga taa wakati wa mvua. Mgeuze, mtazame mgongoni. Kama mbawa za juu ni ngumu kama kijigamba na zimekutana katikati kwa mstari mmoja ulionyooka, huyo ni wa ukoo mwingine, ukoo wa akina fukusi. Mende mbawa zake ni kama ngozi nyembamba, na moja huulalia mwenzake. Kichwa chake hukioni vizuri ukiwa juu, kwa sababu kimefunikwa na kitu kama ngao pana. Ngao hiyo muishike akilini, maana leo tutaitaja sana. Kwenye ngao ndipo mende wengi walipoandikwa majina yao.

Jambo la pili ni watoto. Mtoto wa mende hapitii hali ya funza wala buu. Anatoka kwenye yai akiwa na sura ya mende, ila hana mbawa. Hukua kwa kujivua ngozi mara kadhaa, na kila anapojivua huwa mweupe kabisa kwa saa chache mpaka ngozi mpya ikauke. Ndiyo maana mara nyingine watu husema wameona mende mweupe wa ajabu. Si wa ajabu wala si wa aina nyingine. Amevua tu nguo ya zamani. Basi kumbukeni kanuni hii, nami naomba muishike sana: mende mwenye mbawa kamili ni mtu mzima, hatakua tena. Kwa hiyo ukikuta mende mdogo wa sentimita moja na nusu, naye ana mbawa zinazofunika tumbo, usiseme huyo ni mtoto wa yule mkubwa wa chooni. Huyo ni mzee mwenye nyumba yake, na watoto wake mwenyewe.

Sasa tafuta kijiti cha kiberiti. Urefu wake ni kama sentimita 4. Hicho ndicho kitakuwa rula yetu leo.

Tuanze na wakubwa. Yule mende mkubwa, mwekundu-kahawia, anayekaribia urefu wa kijiti kizima cha kiberiti, wataalamu humwita mende wa Marekani. Ngao yake ina ukingo wa rangi ya manjano iliyofifia, na katikati lipo doa la kahawia ambalo kingo zake hazikukatika wazi. Huyu ndiye mwenye choo. Anapenda giza, joto na unyevu: shimo la choo, karo, mtaro wa maji machafu, chini ya mawe ya msingi. Usiku hupanda kutoka huko na kutembea mpaka jikoni kutafuta chakula, na miguu ile ile iliyokanyaga kinyesi ndiyo inayokanyaga sahani. Huyu hukua polepole. Toka kutoka kwenye yai mpaka kuota mbawa anaweza kuchukua nusu mwaka mpaka mwaka na zaidi, kwa kutegemea joto, na akishakuwa mtu mzima anaweza kuishi mwaka mwingine.

Basi, mama, ukimwona huyu jikoni usikimbilie kupuliza jikoni. Jikoni ni sokoni kwake tu; nyumbani kwake ni chooni. Tengeneza mfuniko wa tundu la choo unaokaa sawasawa, tena ufunikwe kila baada ya kutumia. Weka wavu juu ya bomba la hewa. Ziba nyufa za sakafu kwa saruji, au kwa udongo uliokandwa vizuri kama saruji haipo. Na tafadhali, usimwage dawa ya wadudu ndani ya shimo la choo. Shimo lile halina sakafu, na sumu ile inaweza kushuka pamoja na maji mpaka kwenye kisima mnachochota.

Ndugu yake anayefanana naye sana ni mende wa Australia. Huyu ni mfupi kidogo tu kuliko wa Marekani, na kwa haraka utasema ni yule yule. Lakini mtazame ngao: ina duara la manjano lililo wazi kabisa, kama pete, na katikati yake ni peusi. Kisha mtazame mabegani, pale mbawa zinapoanzia. Utaona mstari wa manjano kila upande, unaoshuka kama theluthi moja ya ubawa. Wa Marekani hana mistari hiyo ya mabegani. Ukiona pete na mabega ya manjano, umekwisha kumpata.

Faida ya kujua ni nini? Faida ni kwamba huyu wa Australia ni mtu wa nje. Anapenda majani yaliyooza, magome ya miti, milundo ya kuni, vyungu vya maua na vitalu vya miche, na anakula vitu vya mimea kuliko mwenzake. Kama ndiye anayeingia ndani kwako, basi angalia kuni ulizozipanga ukutani na takataka za majani nyuma ya nyumba. Sogeza kuni hatua kadhaa kutoka ukutani, uziinue juu ya mawe. Yuko na mwingine tena wa ukoo huo, wa kahawia tupu, ambaye alama zake zimefifia zaidi. Kumtofautisha na wa Marekani huangaliwa vile vijimkia viwili vya nyuma, kwani vyake ni vifupi na vinene, vya mwenzake ni virefu vilivyochongoka. Hiyo ni kazi ya mwenye kioo cha kukuzia, tuwaachie wenyewe.

Sasa tuje kwa wadogo. Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Wadogo wako wawili, wote rangi ya kahawia nyepesi, wote hawafikii nusu ya kijiti cha kiberiti. Wa kwanza ni mende wa Kijerumani. Mtazame kwenye ngao: ana mistari miwili myeusi iliyonyooka, inayokwenda sambamba kutoka kichwani kuelekea mgongoni, kama reli ya gari moshi. Hata watoto wake, ambao ni weusi-weusi, wana njia nyepesi katikati ya mgongo. Jike lake hubeba kifuko cha mayai nyuma, kimechomoza kama mkoba, na hakiachi mpaka mayai yakaribie kuanguliwa. Ndani ya kifuko kimoja huwamo mayai 30 mpaka 40, na katika maisha yake hutoa vifuko vinne mpaka vinane. Mahali penye joto watoto hao wanakua kwa muda wa miezi miwili hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Wa pili ni mende mwenye mikanda. Huyu hana reli. Badala ya mistari ya kwenda mbele, ana mikanda miwili myepesi inayokata mgongo kwa upana, kama mtu aliyefunga mishipi miwili. Ngao yake ni nyeusi katikati, umbo la kengele, na pembeni ni kama kioo kinachopitisha mwanga. Kwa watoto wake mikanda hiyo huonekana wazi zaidi kuliko kwa wakubwa. Jike wa huyu habebi kifuko chake kwa muda mrefu. Hukibandika kwa gundi: nyuma ya picha, chini ya meza, kwenye pembe ya dari, ndani ya saa ya ukutani. Kifuko chenyewe ni kidogo, kama milimita 5 tu.

Reli na mikanda. Ukishika maneno hayo mawili umeshika kazi yote ya mende wadogo. Maana yule mwenye reli anataka maji na joto karibu, kwa hiyo anaishi jikoni na kwenye hoteli, katika nyufa za meza, nyuma ya jiko, nyuma ya friji, chini ya beseni la kuoshea vyombo. Mwenye mikanda anavumilia ukavu. Anapenda juu, na anapenda chumbani na sebuleni. Hupenda sana vyombo vyenye umeme kwa sababu vina joto: televisheni, saa, na redio. Ndiyo, ndugu msikilizaji, huenda hivi sasa yumo ndani ya hiyo redio unayonisikilizia, naye anasikiliza habari zake mwenyewe. Mtu mwenye mende wa mikanda anapopuliza dawa jikoni kila Jumamosi, anawapulizia ukuta na masufuria. Wenyewe wako juu, nyuma ya picha ya harusi.

Kwa mwenye mikanda, kazi kubwa ni ya mikono. Teremsha picha, geuza viti na meza, vuta makabati kutoka ukutani, ukwangue vifuko vya mayai na kuvichoma moto. Wakubwa unaweza kuwaua leo, lakini ukiacha vifuko, baada ya wiki kadhaa unao tena.

Kwa mwenye reli kazi ni ngumu zaidi, nami sitawadanganya. Huyu amezizoea dawa nyingi. Mwaka 1952 huko Corpus Christi, katika jimbo la Texas, Marekani, dawa iitwayo klodeni, iliyokuwa ikisifiwa sana siku hizo, ilionekana haiwaui tena. Dawa hiyo baadaye ikaingizwa kwenye orodha ya sumu zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, lakini mende bado wapo. Hata chambo kitamu wengine wao wamejifunza kukikataa. Wataalamu walieleza mwaka 2013 kwamba wako mende wa Kijerumani ambao ladha ya glukosi, yaani aina moja ya sukari, kwao ni chungu, kwa hiyo chambo chenye sukari hiyo hawakigusi. Basi mtu anayekuuzia dawa na kukuapia kwamba utapuliza mara moja tu, muulize kwanza kama amewahi kumwona mende mwenye reli.

Kinachomshinda huyu ni njaa, kiu na kukosa pa kujificha, vikienda pamoja na chambo kilichowekwa mahali pake. Osha vyombo kabla ya kulala. Funika ndoo za maji. Kausha pale panapovuja. Ziba nyufa. Na mtazame anapoingilia, maana mara nyingi hakuja kwa miguu. Amekuja ndani ya kreti za soda, maboksi ya bidhaa, au samani iliyonunuliwa kwa mtu. Kabla hujaingiza boksi ndani, likung'ute nje juani.

Nifungue mabano kidogo hapa juu ya haya majina, maana yanachekesha. Mende wa Marekani asili yake si Marekani. Wataalamu wanasema ni mwenyeji wa Afrika yetu, akapelekwa huko na meli. Yule mwenye mikanda naye asili yake ni Afrika. Wa Australia si mwenyeji wa Australia. Na huyu wa Kijerumani? Mtaalamu Linnaeus wa Sweden alimpa jina hilo mwaka 1767, na tangu hapo Wajerumani wamebeba lawama. Mwaka 2024 wachunguzi walitoa matokeo baada ya kulinganisha mende 281 kutoka nchi 17, wakaona kwamba ukoo wake umetoka kwa mende wa Asia, katika sehemu za India au Myanmar, kiasi cha miaka 2,100 iliyopita. Basi jina la mdudu ni jina tu, halikwambii alikotoka. Tazameni ngao.

Na huyo mende wa Asia mwenyewe ametoa funzo zuri. Mwaka 1986 alitambuliwa katika jimbo la Florida, Marekani. Naye ana reli mbili vile vile, ukubwa ule ule. Hata mtaalamu huhitaji kumkagua kwa makini ili kumtofautisha. Watu walidhani wamevamiwa na mende wa jikoni. Lakini tabia ndiyo iliyomtoa nje: wa jikoni hukimbia taa na haruki, huyu wa Asia hurukia taa na anaishi nje kwenye nyasi na majani makavu. Kumpulizia jikoni ni kazi bure. Tena baadaye, kusini mwa Texas, alionekana katika mashamba ya soya akila mayai ya nondo waharibifu, jamii ya wale wanaotuzalia funza wa vitumba kwenye pamba. Jikoni ni adui, na ndugu yake shambani anakusaidia kazi. Na kwa sura ni kama mapacha.

Sasa nataka nikae na wafugaji wa kuku.

Wengi husema, "Mende bandani si neno, kuku watamla, ni nyama ya bure." Kwa sehemu ni kweli. Lakini chukua jembe, fukua kidogo matandiko ya banda lako, hasa pembeni na chini ya chombo cha maji ambapo pana unyevunyevu. Au fukua lundo la samadi. Ukikuta mende wa urefu wa nusu ya kijiti cha kiberiti, au zaidi kidogo, mtazame kwa makini. Kama ngao yake ni nyeusi inayong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na ukingo wake wa mbele una uzi mwembamba mweupe-manjano, na mbawa zake ni za kahawia isiyong'aa, huyo anaitwa mende wa Surinam. Naye pia si wa Surinam, asili yake ni Asia, lakini ameenea katika nchi za joto. Ukimfukua hakimbilii ukutani kama mende wa chooni. Hujichimbia tena ardhini kwa miguu yake mifupi yenye miiba.

Mara nyingi hudhaniwa ni mtoto wa mende mkubwa wa chooni. Hapa ndipo ile kanuni ya mbawa inapofanya kazi. Mtoto wa mende wa chooni akiwa na urefu huo hana mbawa, na mwili mzima ni wa rangi moja ya wekundu-kahawia. Huyu ana mbawa mpaka mwisho wa tumbo, maana yake ni mtu mzima. Na watoto wake wasio na mbawa nao wana alama yao: sehemu ya mbele ya mwili inang'aa, sehemu ya nyuma imefifia na inakwaruza, kama kwamba mdudu mmoja ameunganishwa kwa vipande viwili.

Mende huyu ana mambo mawili. La kwanza, katika nchi alizohamia, karibu wote ni majike, nao huzaa bila kuhitaji dume. Kifuko cha mayai hukaa ndani ya tumbo, watoto wakatoka wakiwa hai. Kwa hiyo mmoja tu aliyekuja kwenye gunia la samadi au kwenye udongo wa miche anatosha kuanzisha ukoo. Na hula mizizi laini na mashina ya miche, hivyo mwenye kitalu au mananasi naye asimdharau.

La pili ni la kuku. Kuna mnyoo mwembamba mweupe, urefu wa sentimita 1 mpaka 2, ambaye huishi kwenye jicho la kuku, chini ya ile ngozi nyembamba inayofunika jicho kutoka pembeni. Mnyoo hutaga mayai hapo. Mayai hushuka na machozi mpaka kooni, kuku akayameza, yakatoka na kinyesi. Mende wa Surinam, ambaye anaishi humo humo kwenye matandiko, huyala. Ndani ya mwili wa mende mnyoo mchanga hukua kwa wiki kadhaa. Kisha kuku anamdona mende, anammeza, na yule mnyoo mchanga hutoka kwenye gole, akapanda kooni na kupita njia ya machozi mpaka kwenye jicho. Jambo hili lilionyeshwa huko Australia tangu mwaka 1926. Mnyoo hahitaji kitu kingine: kuku, kinyesi, mende, kuku.

Dalili zake ni hizi. Kuku anakuna jicho kwa ukucha au analisugua kwenye bawa. Jicho linatoa machozi, linavimba, ile ngozi ya pembeni inatokeza na kucheza cheza bila kutulia. Akiachwa, kope zinagandamana, jicho linafanya ukungu, na mwisho linaweza kuharibika kabisa. Kuku asiyeona hafiki kwenye chakula, na asiyefika kwenye chakula hatagi.

Tahadhari: si kila jicho bovu ni la mnyoo. Ndui, mafua ya kuku na upungufu wa vitamini A navyo huharibu macho. Kwa hiyo usitie mafuta ya taa, wala maji ya tumbaku, wala dawa ya macho ya mtoto. Mwite Bwana Mifugo. Yeye anajua kutia ganzi, kuinua ile ngozi na kuwatoa minyoo, au kutoa dawa inayofaa. Lakini ukiwatoa minyoo leo na mende ukawaacha chini ya chombo cha maji, kuku atawameza wengine kesho.

Kumwondoa mende huyu bandani hakuhitaji dawa, kunahitaji ukavu. Weka chombo cha maji juu ya matofali au juu ya wavu, ili maji yanayomwagika yasilowanishe matandiko. Geuza matandiko mara kwa mara, na yaliyolowa yatoe. Samadi ukishaitoa usiilundike mlangoni mwa banda. Ipeleke mbali na uizungushie miti au miiba, ili kuku wasiende kuparua humo, kwa sababu mende wote uliowahamisha watakuwa wamehamia huko. Mwenye uwezo wa kutia sakafu ya saruji isiyo na nyufa, au kujenga banda lililoinuliwa, amepiga hatua kubwa. Na wale wanaofuga mende kwa makusudi, kwa ajili ya kulisha kuku, mambo yao ni mengine: mende aliyezaliwa na kukulia katika boksi lililofungwa, ambaye hajawahi kugusa kinyesi cha kuku, hana mahali pa kuyapata mayai ya mnyoo. Wawe waangalifu tu wasiokote mbegu ya mende bandani.

Kuhusu sumu, nitasema waziwazi. Dawa ya pamba ni ya pamba. Dawa ya unga ya mahindi ni ya mahindi, kwa kipimo chake. Zile dawa zinazomiminwa kwenye vichupa visivyo na maandishi na kuuzwa barabarani, hujui ni nini, hujui kipimo, na mtoto akinywa daktari hatajua ameweka nini tumboni. Na bandani jambo hilo ni baya zaidi: mende akifa kwa sumu kuku humwokota kwanza, maana hakimbii, na sumu huingia kwa kuku na kwenye mayai mnayokula.

Sasa mtawakamataje ili muwatazame? Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kama ya jamu. Izungushie karatasi kwa nje, mende apate pa kukanyagia akipanda. Ndani, karibu na mdomo, paka mafuta ya mgando upana wa vidole viwili, ili akishaingia ateleze asitoke. Tia kipande cha mkate kilicholowa pombe, au ndizi iliyoiva sana. Weka chupa moja jikoni, moja chumbani juu ya kabati, moja karibu na choo. Asubuhi mimina maji ya moto yenye sabuni, kisha uwatoe na kuwahesabu juu ya karatasi nyeupe. Chupa yenye watoto wengi wasio na mbawa ndiyo iliyo karibu na maskani yao, kwa sababu watoto hawaendi mbali. Hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Na ukimpata ambaye humwelewi, usimsage. Mtie kwenye kichupa chenye spiriti, uandike kwenye kikaratasi kwa penseli: amekamatwa wapi, saa ngapi, alikuwa anakimbia taa au anaifuata, jike lilikuwa na kifuko au halina. Wino hufutika ndani ya spiriti, ndiyo sababu nasema penseli. Mpelekee Bwana Shamba wa kata yako, na kama ametoka bandani mpelekee Bwana Mifugo. Banda la kuku mlifukue leo kabla jua halijatua, kuku wakiwa bado nje. Kwaherini.